Kitabu Kilichouzwa Bila Kuhesabiwa

Columbus, Ohio

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kama mtoto anavyopaswa kumwamkia mzazi wake, maana yatakayofuata yana ukali, na sitaki useme Somoe amesahau adabu huko aliko. Mguu wako unaendeleaje? Hadija ameniambia umeanza tena kwenda shambani peke yako na fimbo, na kwamba dawa ya salfa ya mikorosho ya kule bondeni umepuliza mwenyewe kwa kuwa kazi ya vibarua haikukuridhisha. Ningekuwa karibu ningekugombeza. Mama je, kifua kimetulia? Ufuta wa kule Chiola umetoka, au mvua ziliwachezea tena? Mimi mwili wangu mzima, nashukuru Mungu. Moyo ndio unawaka.

Hadija, mdogo wangu, najua wewe ndiye utakayemsomea Baba barua hii. Isome yote. Usiruke pale nilipopandisha sauti na usilainishe neno. Wewe ni mwalimu, unajua kusoma kilichoandikwa. Na pale Kiswahili changu kisipomfikia vizuri, mweleze kwa Kimwera.

Baba, nilikupigia simu Ijumaa tatu mfululizo hukupokea. Ijumaa ya nne ukapokea, ukaniambia, "Usinipigie mpaka utakapokuwa na ukweli wa kuniambia. Sikumlea mwizi." Ukakata. Hukuniachia hata nafasi ya kuuliza mwizi wa nini. Ikabidi nimpigie Hadija, ndipo nikajua habari zilivyotembea. Musa, mtoto wa shangazi, huyu anayeishi Minneapolis, alimpigia mama yake hapo Nachingwea mjini akamwambia nimefukuzwa kazi kwa kuiba kwenye mashine ya malipo dukani. Shangazi akayabeba mpaka sokoni. Kutoka sokoni yakapanda bodaboda mpaka kijijini kwetu Naipingo, na wewe ukayapokea mlangoni pa msikiti kutoka kwa mtu ambaye hata hajui hilo duka langu linauza nini.

Kwa hiyo naandika. Simu unaweza kuikata, barua itakubidi uisikilize. Anakuja nayo mama mmoja wa Masasi anayerudi nyumbani kumzika kaka yake. Amenipa heshima ya kuibeba wakati ana msiba wake, basi nawe nipe heshima ya kuisikiliza.

Sikuiba. Hakuna kilichopungua kwenye mashine ile, wala hakuna mtu pale dukani aliyewahi kusema kimepungua. Nilifukuzwa kwa sababu nilihesabu sawasawa. Najua hiyo inasikika kama kichekesho. Subiri nikueleze.

Kazi yenyewe ilikuwa duka la vitabu, kubwa, la ghorofa mbili, katikati ya mji. Kazi hiyo nilisaidiwa kuipata na Mama Loretta, na yeye ndiye mwenye kisa hiki, kwa hiyo umfahamu. Mama Loretta ni Mmarekani mweusi, rika moja na Mama. Aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu. Nyumba ninayoishi ni yake: yeye yuko chini, mimi nimepanga chumba cha juu. Nilipoitwa kwenye usaili wa lile duka, alinikalisha jikoni kwake, akaweka miwani kwenye ncha ya pua akajifanya meneja. Kila nikijibu kwa kuinamisha kichwa anagonga meza na kijiko. "Kichwa juu! Unaomba kazi, huombi msamaha." Ndivyo nilivyoipata.

Huyu mama alikuwa na madaftari. Miaka na miaka, akirudi kutoka kwenye basi, alikuwa anaandika habari za mtaa aliozaliwa. Mtaa wa watu weusi, wenye fundi cherehani wao, kinyozi wao, kanisa lao, duka la samaki la mama mmoja aliyekuwa akiwakopesha wote. Siku moja serikali ya mji ikaamua barabara kuu ipite hapo. Zikaja tingatinga. Watu wakatawanyika kila upande, na leo ukipita pale unaona magari tu yanakimbia. Aliandika nyumba moja baada ya nyingine: nani aliishi wapi, nani alipika nini, nani aligombana na nani. Alinipa nisome, kisha akaniomba nimchapie kwenye kompyuta, maana vidole vyake vimekakamaa kwa usukani. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nakaa mezani kwake nachapa, naye ananisahihisha majina ya watu wake.

Nilipokuwa nachapa nilikuwa nakuona wewe, Baba, unavyosimulia mlivyohamishwa kwa nguvu kwenda kijiji cha ujamaa mkaiacha mikorosho ya babu ikizaa bila mvunaji. Nikamsimulia. Akasema, "Basi na baba yako ni wa mtaa wetu." Hivyo ndivyo anavyokuita mpaka leo. Anakuulizia mguu wako kila wiki. Huyu ndiye ambaye Hadija anasema umeambiwa ananifundisha tabia mbaya.

Mchapishaji mmoja mdogo akakikubali kitabu. Siku boksi la kwanza lilipofika, Mama Loretta alikinusa kabla hajakifungua. Nilicheka, naye akalia.

Sasa nikueleze habari ya orodha, maana ubaya wote uko humo. Mlangoni mwa lile duka kuna rafu yenye namba, kuanzia moja mpaka kumi. Hivyo ndivyo vitabu vinavyouzwa zaidi, kwa mujibu wa orodha ya gazeti moja kubwa. Mteja akiingia, mkono wake unakwenda hapo hapo kabla macho hayajazunguka. Anachukua kwa sababu kimo kwenye orodha, na kwa kuwa amekichukua, wiki ijayo kinabaki kwenye orodha. Mimi nilipoanza kazi niliamini kuna mtu mahali fulani anahesabu vitabu vyote vinavyouzwa nchi hii. Nilikuwa mjinga. Gazeti linachagua maduka ya kuyauliza. Halisemi ni yapi, wala halisemi linapimaje. Duka letu lilikuwa mojawapo. Kila mwisho wa wiki meneja wetu, jina lake Keith, anakaa ofisini anatuma hesabu ya tulichouza.

Upande wa pili wa mji kuna duka la mzee mmoja mweusi anaitwa Walter, na mke wake. Rafu zao zimejaa waandishi weusi, wa hapa na wa kwetu Afrika. Watu wanatoka mbali kwenda kununua pale. Hakuna anayewauliza wameuza nini. Wewe hili unalielewa kuliko profesa yeyote, Baba. Korosho za kangomba, zile zinazopimwa kwa bakuli uani kwa mtu, si zimevunwa? Si zimeuzwa? Lakini kwenye vitabu vya chama cha msingi cha ushirika hazipo, ni kama mkorosho haukuzaa. Ila wa kangomba anajificha kwa sababu anavunja sheria. Walter hajavunja sheria yoyote. Mlango wake uko wazi mchana kutwa, na bado anachouza hakipo.

Na usidhani ni jambo la sifa tu. Kitabu kisipoonekana kwenye orodha wiki zake za kwanza, maduka yanakirudisha kwa mchapishaji kama nguo isiyomtosha mtu. Mchapishaji naye anaacha kuchapa. Mwandishi akileta kitabu cha pili anaambiwa cha kwanza hakikuuzwa. Halafu watu wanasema, watu weusi hawasomi, ndiyo maana waandishi wao hawatoki.

Kuna jambo nataka nikuungamie kabla sijaendelea. Mwezi mmoja kabla ya kitabu cha Mama Loretta, kilitoka kitabu cha tajiri mmoja, mzungu, cha kufundisha watu utajiri. Dukani kwetu ikaletwa orodha ndefu ya oda kutoka kwa wakala wake. Kila nakala ilikuwa na jina la mtu wake na anwani yake. Vitabu vyenyewe vikapakiwa kwenye lori moja, vikapelekwa hoteli moja, alikokuwa na mkutano na wafanyakazi wake. Nikamuuliza Keith, "Hivi si mtu mmoja ndiye kavinunua vyote hivi?"

Akacheka. "Kila oda ina jina lake, Somoe. Ingiza moja moja."

Nikaingiza moja moja. Siku mbili nzima, mpaka bega likaniuma. Wiki iliyofuata kitabu cha tajiri kikakaa mlangoni, namba tatu, na mimi ndiye niliyekipanga pale kwa mikono yangu. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naitaka kazi. Kama kuna siku nilistahili kuitwa mwongo, Baba, ilikuwa siku hizo mbili, na hakuna aliyenifukuza.

Basi kitabu cha Mama Loretta kikatoka. Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa lake. Nilikwenda na mtandio wangu kichwani, wakanipa kiti cha mbele. Walikuja watu waliozaliwa kwenye ule mtaa, wengine kutoka majimbo ya mbali. Kulikuwa na mzee mmoja alikuwa anaweka kidole kwenye picha na kumwambia kila anayepita, "Dirisha hili ndilo la chumba chetu." Maboksi yote yaliyoletwa yaliisha, na watu wakabaki kwenye foleni. Kwa siku moja vilinunuliwa vingi kuliko kitabu chochote tulichowahi kuuza dukani kwetu kwa wiki nzima, ukiacha vile vya lori la tajiri. Naapa.

Jumatatu nikaenda kazini nimejaa furaha. Nikamwambia Keith. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyeokota chupa akidhani ni almasi.

"Kanisani hakuna mashine yetu," akasema. "Kwa orodha, hivyo havijauzwa."

"Watu wamelipa, Keith. Nimewaona."

"Sikatai wamelipa. Ila hawahesabiki."

Hawahesabiki! Alisema huku anakunywa kahawa yake.

Haikupita wiki, mchapishaji akampigia Mama Loretta. Nilikuwa nimekaa naye jikoni. Aliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa muda mrefu, kisha akaweka simu chini. "Wanasema wanakipenda sana kitabu changu," akaniambia. "Mtu akikuambia anakupenda kwa sauti ile, ujue tayari ameshika kitasa cha mlango." Walimwambia kama namba hazitapanda kwa wiki zilizobaki, hawatachapa tena, na kitabu cha pili alichokuwa amewapelekea asahau.

Mimi ndiye niliyewaambia wanawake wa kanisani. Hilo sikuwaficha kazini na wewe sikufichi. Niliwaambia duka letu ni miongoni mwa yanayoulizwa. Nikawaambia asinunue mtu asiyetaka kusoma, na asinunue mtu kwa niaba ya mwingine. Atakaye, aje kwa miguu yake na alipe mwenyewe. Wakakubaliana waje Jumamosi.

Baba, walikuja. Wamevaa kofia zao za Jumapili, siku ya Jumamosi, na joto lile. Foleni ilianza kwenye kaunta yangu ikapita rafu za mapishi mpaka nje kwenye lami. Wa kwanza alikuwa bibi mwenye fimbo, akaweka kitabu mbele yangu, akaweka na hela, akasema, "Ukurasa wa nyumba yetu ni wa arobaini na moja. Nimekuja kuuchukua." Nikamwingizia kitabu kimoja, nikampa risiti. Akaja wa pili. Wengine niliowaona kule ukumbini walikuwa wamekosa vitabu vilipoisha. Wengine walileta wajukuu, na mjukuu ananunua chake mwenyewe.

Nimefika kama wa ishirini hivi, Keith akashuka kutoka juu. Akatazama foleni, akaja nyuma yangu akaninong'oneza, "Bonyeza ununuzi wa kundi."

Hicho kitufe kipo kwenye mashine. Kinatumika kampuni au shule inaponunua kwa mkupuo, na mauzo yake yanakwenda kwenye safu ya pembeni ambayo gazeti haliihesabu.

"Si kundi," nikamwambia. "Kila mmoja analipa chake."

"Wanajuana, Somoe. Wametoka kanisa moja."

"Wale waliopanga foleni mwezi uliopita kwa kitabu cha kocha wa mpira, walikuwa wamevaa fulana za rangi moja. Hawakuwa wanajuana? Tulibonyeza?"

"Ile ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Nilimwona shingo ikiwa nyekundu. Bibi aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshika hela yake mkononi anatusikiliza, na wa nyuma yake vilevile. Nikamuuliza tena kwa sauti ya kawaida, wote wasikie, "Na vile vya tajiri vilivyokwenda hotelini kwa lori moja, ulinifanya niingize moja moja siku mbili. Hao watu niliwaona wapi? Hawa nawaona."

"Bonyeza kitufe," akasema.

Nikachukua kitabu cha yule bibi, nikakiingiza. Kimoja. Nikampa risiti yake. Nikamwita anayefuata.

Niliendelea hivyo, mmoja mmoja, Keith kasimama mgongoni mwangu kama askari. Nilipofika katikati ya foleni akanyoosha mkono akaufunika uso wa mashine kwa kiganja chake. Akaniambia nitoke kwenye kaunta. Akamwita kijana mwingine wa kazi akaendeleza kwa kile kitufe. Mama Loretta alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni karibu na vitabu vya watoto, mkoba mapajani. Alikuwa ananitikisia kichwa. Nikadhani ananiambia nisiogope. Baadaye ndipo nikajua alikuwa ananiambia niache.

Jumatatu niliitwa ofisini. Keith alikuwa ameshafungua kumbukumbu za Jumamosi na kuyahamisha mauzo yote, hata yale niliyoingiza mimi, akayatupa kwenye safu ya kundi. Kisha yeye, aliyebadilisha, ndiye aliyeniwekea karatasi mezani inayosema mimi nimeghushi kumbukumbu za mauzo. Nisaini, nikabidhi kitambulisho, niondoke. Nikamwambia kitambulisho chako hiki, saini yangu huipati. Nikatoka na mfuko wangu wa chakula mkononi.

Siku ile nilimpigia Musa. Nililia, ndiyo. Nilimweleza yote haya kama ninavyokueleza wewe, na nikamsomea lile neno la Kiingereza la kughushi. Yeye aliokota neno moja tu akalibeba. Musa! Alipofika nchi hii mara ya kwanza alilala kwenye kochi langu miezi, nikimpikia ugali na kumtafutia unga wake kila mahali. Hakunipigia tena kuuliza nimekula nini. Alimpigia mama yake.

Usifikiri Mama Loretta alinishukuru. Nilipofika nyumbani na kumweleza, alinifokea mpaka majirani wakachungulia.

"Nani alikutuma?" akaniuliza. "Mimi nilikuomba? Nimeishi na watu hawa tangu nizaliwe, najua wanavyofanya. Kitabu kingekufa, ningelia, ningenyamaza. Wewe una watu wanakutegemea kwenu! Sasa nitabeba kitabu kilichokufa na kazi yako juu yake?"

"Hakijafa," nikamwambia.

"Toka jikoni kwangu."

Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu akapanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale yanayomuuma, akaniletea wali na maharage. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba. Tulikula.

Wale wanawake hawakukaa kimya. Kila mmoja alikuwa na risiti yake, na risiti niliyotoa mimi imeandikwa kitabu kimoja, saa na dakika. Wakazipiga picha zote, wakaziambatanisha na barua, moja kwa wenye duka na moja kwa gazeti. Gazeti likajibu kwa adabu. Linawashukuru wasomaji wake, na halijadili namna linavyoandaa orodha. Hayo tu. Orodha ya wiki ile ilipotoka, Mama Loretta hakuwemo. Tajiri alikuwa namba sita. Vitabu vyake vingi, nimeambiwa na aliyekuwa mwenzangu wa kazi, bado viko kwenye stoo ya hoteli.

Nataka nikuambie kwamba mwisho wake ulikuwa mzuri, lakini umeniambia unataka ukweli. Mchapishaji ameacha kukichapa. Cha pili wamemrudishia. Walter amenunua vyote vilivyobaki kwenye ghala la mchapishaji na anaviuza dukani kwake. Wanawake wamekwenda maktaba za mji, mmoja mmoja, kila mtu anajaza fomu ya kukiomba, mpaka maktaba zikalazimika kukinunua. Sasa kuna foleni ya watu wanaosubiri kukiazima. Kinasomwa, Baba. Kimechakaa kwa kusomwa. Bado kwenye nchi hii kinaitwa kitabu kisichouzika. Mimi Walter amenipa siku tatu za kazi kwa wiki. Ni pungufu ya nilizokuwa nazo, na mtaliona hilo huko nyumbani. Naomba mvumilie.

Juzi kukatokea jambo jipya, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike, kabla Musa hajalisikia na kuligeuza. Wenye duka wameniandikia. Nadhani zile risiti zimewatia hofu. Wanasema naweza kurudi kazini, siku zote, saa zote, nikisaini karatasi moja. Karatasi inasema nilikosea kwa kutoelewa taratibu, kwa sababu ya ugumu wa lugha.

Lugha! Kwa lugha hiyohiyo nilichapa kitabu kizima cha Mama Loretta na nikamsahihishia koma. Kwa lugha hiyohiyo Keith aliniambia niingize moja moja za tajiri, na nilimwelewa vizuri sana. Wakiwa na shida yao, sisi ndio hatukuelewa. Mtu mweusi akihesabu, amekosea hesabu. Akiandika, hakuna msomaji. Wasomaji wakija na kofia zao mchana kweupe, ni kundi.

Mama Loretta anasema nisaini. Rafiki zangu wanasema nisaini, karatasi si kitu. Nimekaa nayo siku mbili, na aliyekuwa ananijia kichwani ni wewe.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikwenda na korosho zako ghalani, wewe unasukuma baiskeli na magunia, mimi nashikilia nyuma. Ulikuwa umezianika mwenyewe, ukizigeuza kila jua linapogeuka, na tulikuwa tumechambua mbovu zote pale uani, mimi na Mama na Bakari. Karani mmoja akachovya mkono kwenye gunia, hata hakutazama, akaandika daraja la pili. Ukamwomba apime unyevu mbele yako. Akakusogezea karatasi na wino wa dole gumba, akasema, "Mzee, weka dole, watu wanasubiri." Hukuweka. Uliyapakia magunia yote tena, watu wanacheka, tukarudi nayo nyumbani kwa miguu. Mama alikugombeza wiki nzima, maana hatukuwa na chochote ndani. Njiani ulikuwa unasukuma tu, na mimi nilikuwa natazama mgongo wako ulivyoloa jasho.

Sasa niambie, Baba. Mtu aliyetembea nyuma ya mgongo ule, unamwita mwizi kwa habari ya sokoni?

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kifua ninayomtumia asiwagawie majirani. Bakari, kaka yangu aliye Chunyu na mke wake, wapewe salamu, na mtoto wao mpya mnibusie kwenye unyayo. Bibi mzaa Mama nampa shikamoo ya peke yake, asiichanganye na ya wengine. Mjomba fundi baiskeli aambiwe namkumbuka. Shangazi pia ni damu yangu, nampa shikamoo yake, na umwambie aliyoyapeleka sokoni ayafuate hukohuko ayarudishe, kibanda kwa kibanda, kwa sauti ileile aliyoyapelekea. Hadija, ahsante kwa kusoma. Kama umelia, jifute, malizia.

Karatasi yao nimeirudisha. Niliipeleka posta leo asubuhi, bila saini, kabla sijaanza kukuandikia mstari wa kwanza, ili usije ukadhani barua hii inaomba ruhusa.

Mwanao,
Somoe